Mali Yenye Daftari

Chumba chetu kiko juu ya duka la betri, Hai Phong,
ghorofa ya tatu, dirisha limezibwa kwa karatasi.
Simu mia tatu na kumi na mbili zimepangwa rafuni
kama vitabu ambavyo kila ukurasa ni uleule.
Feni saba. Joto halisikii.

Kazi yangu, zamu ya usiku, ni kuumba watu.
Kila mmoja nampa jina, pochi, maneno yake ya siri,
namlaza saa zisizolingana na za mwenzake,
namwacha akosee kidogo, arudi, asitesite mbele ya kitufe.
"Asiyekosea hushukiwa," alinifunza Khiem.
"Mtu wa kweli ana kidole kizito."

Sarafu iliitwa Chipukizi.
Vijana wawili wa Tallinn waliibuni, wakatangaza:
kila mwanadamu fungu moja,
bila kiingilio, bila kujuana, bure.
Nami nililisoma neno bure
jinsi mwizi asomavyo tundu la kufuli.

Majina yaliponiishia niliwaita niliosoma nao,
kisha walimu wetu,
kisha mjomba Tuyen, aliyezikwa mwaka wa mafuriko.
Akabofya kila siku kwa wiki tisa
kwa bidii ambayo hakuwa nayo akiwa hai.

Chini, bibi Lieu huuza tambi za kaa.
Ana simu moja, kioo kina ufa,
na mjukuu aliyemwonyesha pa kugusa.
Wiki tisa naye aligusa, kati ya bakuli na bakuli,
mafuta ya vitunguu yakibaki kwenye kioo.
"Nikizipata," aliniuliza, "zitaninunulia nini?"
Nikamwambia avute subira.
Ningemwambia nini?

Siku ya mgao mashine ikauliza:
Thibitisha kuwa wewe ni mtu.
Fuata nukta kwa kidole. Tazama kamera.
Watu wangu elfu moja na mia mbili wakapita,
mjomba Tuyen katangulia.
Bibi Lieu akakwama.
Mkono ulitetemeka, mvuke wa sufuria ukamfunika uso.
Jibu likaja: Mienendo yako inafanana na ya mashine.
Alinisomea mara mbili,
akacheka,
kisha akakung'uta upawa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Saa nne asubuhi Chipukizi moja ilikuwa na thamani
ya bakuli la tambi na kaa wake.
Saa nne na dakika sita tukauza.
Si sisi tu. Vyumba kama chetu, vya Kharkiv, vya Surabaya,
vilikurupuka pamoja kuelekea mlango mmoja.
Saa tano: tambi, bila kaa.
Saa tano u nusu: mchuzi.
Adhuhuri: kijiti kimoja cha kulia,
na kimoja hakilishi mtu.
Nani angenunua? Waliojaa mle walikuwa vivuli,
na kivuli hakina njaa, hakina duka,
hakina kesho ya kuiwekea kitu.

Khiem akapiga hesabu nyuma ya risiti:
toa umeme, toa kodi, toa simu nane zilizovimba betri.
Fungu langu lilitosha feni ya nane.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.
Hii ilikuwa na daftari, tena lisilofutika,
kila chembe na sekunde yake,
limenakiliwa katika kompyuta za dunia nzima,
na humo, kwa uaminifu mtupu, imeandikwa
kwamba marehemu Tuyen aliuza mapema.

Usiku Khiem akaleta tangazo la sarafu nyingine.
Wiki sita. Bure.
Nikaumba wa kwanza. Sijui kwa nini
nikampa mkono unaotetemeka,
nikamchelewesha kana kwamba anahudumia mteja.
Khiem akamtazama begani mwangu,
akamfuta.
"Huyu," akasema, "hawatamwamini."